Usipaki Mpika

Mpika, Zambia
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Filomena,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku mbali. Mwili uko salama. Mbavu zilizogonga usukani zimepoa, nikikohoa tu ndio zinanikumbusha. Sijui nyie huko mmeamkaje. Mama macho yake vipi? Msalimie sana. Msalimie na wifi yako Anna pale Wazo, na mwambie mwanangu Wilfred asithubutu kuacha shule kwa sababu yangu.

Barua hii anakuletea Allen, dereva mwenzangu, unamfahamu. Simu yangu wanayo polisi, ni kielelezo cha kesi, na sisi mahabusu hapa hatushiki simu. Itabidi tuandikiane kama enzi zile uko bweni, tofauti ni kwamba sasa aliyefungiwa ndani ni mie.

Kilichotokea unakijua. Nukta ya lori langu kwenye skrini yako ofisini ilisimama na haikusogea tena. Lakini nikuandikie mwenyewe usije ukakisikia kwa watu. Ijumaa ya tarehe kumi na tano Machi, saa saba mchana, kilomita kama themanini nimeshaiacha Mpika, nilisinzia. Sijui ni sekunde ngapi. Niliposhtuka lori lilikuwa limeshatoka kwenye lami na nimempitia mwanamume aliyekuwa pembeni na baiskeli yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaitwa Mutale. Alikufa palepale. Nilishuka nikakaa chini karibu naye mpaka watu walipofika. Hawakunipiga. Nalifikiria sana hilo, kwamba hawakunipiga.

Wakili niliyepewa anasema hakimu atataka kujua dereva wa miaka kumi na tisa barabarani amesinziaje mchana kweupe. Anahitaji ripoti ya safari: niliondoka Temeke saa ngapi, nilisimama wapi na kwa muda gani, ofisi iliniagiza nini. Hiyo ripoti wewe ndiye mratibu wa safari, unaitoa kwenye kompyuta yako bila kumuomba mtu. Itoe, igonge muhuri, mpe Allen akirudi.

Sina ombi jingine.

Kaka yako,
Romani


Temeke, Dar es Salaam
30 Aprili 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimemshukuru Mungu kuona mwandiko wako. Sie huku tupo. Joto limepungua kidogo, mvua zimeanza, uani kwangu maji yamejaa mpaka kwenye ngazi. Mama nilimpeleka hospitali ya Mwananyamala kwenye macho. Daktari anasema jicho la kulia ni mtoto wa jicho, watamfanyia upasuaji mwezi wa sita. Kwa sasa anaona mwanga na vivuli tu. Sijamwambia mambo ya kesi. Nimemwambia gari limeharibika Zambia na unasubiri vipuri. Barua yako nilimsomea, nikaruka katikati.

Anna alikuja ofisini wiki iliyopita akasimama getini tangu asubuhi. Nilitoka nikaongea naye. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya analolijua. Wilfred anasoma.

Kuhusu ripoti, nimemfikishia bosi Elibariki. Anasema maombi ya aina hiyo yanapitia kwa mwanasheria wa kampuni, si mie wa kumpa mtu kienyeji hata awe ndugu yangu. Nafuatilia.

Ila kaka, niruhusu nikuulize kitu na usinielewe vibaya. Pale Tunduma gari linaonekana limesimama masaa kumi na moja. Bosi anasema mtu aliyesimama masaa kumi na moja amelala usingizi wa kutosha. Ulikuwa wapi?

Mdogo wako,
Filomena


Mpika
26 Mei 2024

Mdogo wangu Filomena,

Marahaba. Allen alikwama foleni ya mpakani Nakonde siku tano, akapitiliza na mzigo mpaka Kongo, barua yako akanipa jana wakati anarudi. Nimefurahi jicho la mama kupata tarehe. Kwamba umemdanganya sikulaumu, ila kumbuka hakuna gari linalosubiri vipuri miezi miwili. Mie nimezoeazoea. Tunaamka kabla ya kupambazuka, tunahesabiwa, tunakwenda shambani. Kuna askari mmoja kwao Nakonde, Kiswahili anakijua, ndiye anayesoma barua zangu kabla hazijatoka. Msalimie, maana na hii ataisoma.

Umeuliza nilikuwa wapi Tunduma. Nilikuwa kwenye usukani. Foleni ya mpakani inasogea lori moja moja. Ukizima ukalala, walio nyuma wanakupita, na ukiamka unaambiwa urudi mkiani. Unawasha, unasogea mita ishirini, unazima. Baada ya dakika kumi unawasha tena. Mita ishirini kwenye skrini yako hazionekani. Unaona gari limelala, ukadhani na dereva naye amelala.

Sasa ngoja nikueleze, maana tangu uingie ofisi ile hujawahi kuniuliza, na mie niliona aibu kumfundisha mdogo wangu aliyesoma kuliko mimi. Wewe swali lako lilikuwaga moja tu, kaka umefika wapi.

Lori lenye tani thelathini za mbolea halitembei kama gari la Elibariki. Unatoka Temeke saa kumi na moja alfajiri. Kabla hujafika Chalinze umeshapanga mstari wa mizani Vigwaza. Kabla ya Morogoro mizani nyingine. Mbuga ya Mikumi unakwenda spidi hamsini, na usijaribu kuzidisha. Halafu unakuja kuupanda mlima wa Kitonga. Pale unapanda kwa gia ndogo, mtu wa miguu anakupita anakuangalia. Likizima lori moja mbele yako, nyote mmezima. Ukiingia Iringa ni saa nne usiku. Umekaa kwenye kiti masaa kumi na saba na umetembea kilomita mia tano. Hiyo ndiyo siku ambayo hakuna kilichoharibika. Mtu anayetaka kurudi kwa watoto wake anatembea mia nne, mia nne na hamsini, anapaki, anakula, analala. Marehemu mzee wangu, aliyeendesha malori ya ushirika enzi za vumbi, alihesabu kwa maili. Maili mia mbili na hamsini zikitimia anazima, hata kama anauona mji unaofuata.

Nyie mmetupangia mia saba. Mia saba inawezekana, wala sibishi. Nimeshaifanya, na wenzangu wameshaifanya. Unaifanya leo, kesho unaifanya kwa kujipiga makofi, keshokutwa unaona watu wanavuka barabara na hakuna mtu.

Safari ile nililala Iringa masaa matatu. Kuanzia pale mpaka kwa Mwalimu Mutale ni masaa thelathini na sita sijaweka kichwa chini. Ijumaa ile asubuhi nilipofika hapa Mpika niliona uwanja wa kupaki malori. Kuna kivuli, kuna mama anapika. Nikawasha taa ya kukata kushoto. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Nikausoma, nikazima ile taa, nikaendelea na barabara.

Ujumbe wenyewe wanao polisi. Bado hawajauelewa kwa kuwa ni wa Kiswahili, wanasubiri mkalimani wa mahakama.

Sisemi zaidi ya hapo. Nitumie ripoti.

Kaka yako,
Romani


Temeke
7 Julai 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Natumaini mbavu zimepona na baridi ya huko haikutesi. Mama amefanyiwa upasuaji Jumatatu ya wiki iliyopita na ameona. Walipomfungua bendeji aliniangalia akasema nimezeeka. Alitaka nimpe barua zako azishike. Nikampa, nikijua hajui kusoma. Kumbe karatasi ya kwanza ina muhuri wa gereza juu, na muhuri ni mkubwa. Akamwita Wilfred akamwambia, soma hii yote, usiruke. Wilfred akasoma.

Mama haongei na mie siku ya tisa leo. Neno aliloniambia la mwisho ni hili, "Mlinidanganya kwa kuwa sioni."

Anna anapika chakula cha mchana anawauzia wafanyakazi wa viwandani kule Wazo. Anajitahidi.

Umeandika mengi kuhusu barabara. Nimeyasoma. Kuhusu ripoti, mfumo wetu unafuta kumbukumbu baada ya siku tisini, na siku hizo zimeshapita. Mwanasheria wa kampuni ameandaa maelezo ya kupeleka mahakamani huko. Sijui ameandika nini, hayo hayapiti mezani kwangu.

Kaka, jaribu na wewe kuniangalia mie nilipo. Mama yuko juu yangu. Shule ya Wilfred iko juu yangu. Nikitolewa pale ofisini hakuna atakayebaki amesimama. Wewe ndiye uliyeniombea kazi ile, uliniambia nisikuaibishe. Sijakuaibisha.

Mdogo wako,
Filomena


Mpika
16 Agosti 2024

Filomena,

Leo salamu ni kwa mama peke yake. Mwambie Romani anasema pole kwa jicho, na pole kwa alichokiona nalo.

Jumanne tarehe kumi na tatu nilipandishwa mahakamani. Ilisomwa barua ya kampuni. Mkalimani alisimama karibu yangu akanitafsiria sentensi moja moja, kwa hiyo nimeielewa vizuri. Barua inasema kampuni inasikitika na msiba. Inasema dereva alisimama Tunduma masaa kumi na moja kwa shughuli zake binafsi, na inaaminika alikuwa kwa mwanamke, kisha akakimbiza gari kufidia muda alioupoteza. Inasema kampuni inajali usalama na haimwagizi dereva wake yeyote kuvuka kilomita mia nne na hamsini kwa siku.

Mia nne na hamsini. Wanasheria wenu wangeandika mia nne, au mia tano, au wasingeandika namba kabisa. Hiyo namba niliitoa mie kwenye barua niliyomwandikia mdogo wangu, ikasafiri na Allen mpaka Temeke, ikageuzwa ikarudi huku kunifunga.

Chini palikuwa na sahihi. F. Chilumba, Mratibu wa Safari. Uliniandikia hayo hayapiti mezani kwako.

Mjane wa Mwalimu Mutale alikaa benchi la mbele. Tangu kesi ianze hajawahi kunitazama. Mkalimani alipofika kwenye neno mwanamke, yule mjane aligeuka akanitazama.

Romani


Temeke
22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama ananisemesha siku hizi, kwa maneno mawili matatu. Anna mzima. Wilfred amekuwa wa nne darasani. Nimeziweka salamu hapa juu kwa sababu nikianza na mengine sitazifikia.

Barua hii nimeichana mara nyingi. Nilikuwa naanza kwa kueleza sababu. Safari hii sielezi, nasema tu.

Mia saba niliiweka mie. Mfumo mpya wa kufuatilia magari ulipofungwa, Elibariki aliniuliza gari litembee kilomita ngapi kwa siku. Nikachukua spidi themanini, nikazidisha kwa masaa tisa, ikaja mia saba ishirini, nikapunguza ishirini nikijiona nina huruma. Sijawahi kupanda lori umbali wa kuzidi Temeke kwenda Mbagala. Baada ya miezi mitatu nikapewa cheo. Ulinunua soda siku ile, unakumbuka, tukanywa na mama.

Ujumbe niliuandika mie. Unajua, na nilijua kwamba unajua, na nimekaa miezi sita nikisubiri uutaje ili nipate pa kubishana. Hukuutaja. Siku ile kulikuwa na mteja amekaa mbele yangu analalamika mbolea yake imechelewa na msimu unapita. Nukta yako ilikuwa nyekundu. Nikaona inapunguza mwendo Mpika. Nikaandika kwa simu ya ofisi: "Kaka uko nyuma masaa tisa. Usipaki Mpika, unganisha mpaka Serenje." Madereva wengine nawaandikia namba ya gari. Wewe niliandika kaka kwa kuwa nilijua ukiliona hilo neno hutabisha.

Halafu nikaenda kula. Niliporudi nukta imesimama porini. Nilikasirika. Nilidhani umepaki. Nilikupigia mara tatu nikiwa na maneno makali tayari mdomoni.

Barua ya mahakamani aliiandika mwanasheria, Elibariki akaniletea nisaini. Nikasema hii ya mwanamke si kweli. Akasema, "Una uhakika? Ulikuwepo Tunduma?" Nikaivuta ile karatasi. Akauliza, "Yeye mwenyewe anadai anaweza kilomita ngapi?" Nikamtajia. Nikasaini.

Mfumo haufuti kitu. Nimeitoa ripoti yote, kurasa kumi na nne, pamoja na ujumbe wote uliotoka ofisini safari ile. Nimempa dereva mwingine, Suhaib, kwa sababu Allen amekataa kubeba kitu chochote kutoka mkononi mwangu. Mpe wakili wako aitumie atakavyo.

Sijui niandike nini hapa chini.

Filomena


Mpika
10 Novemba 2024

Filomena,

Marahaba. Mie mzima. Mvua zimeanza huku na tunapanda mahindi. Hongera kwa Wilfred, mwambie nimefurahi, na Anna mwambie namwandikia barua yake peke yake. Mama mpe mkono.

Karatasi zako zimefika tarehe ishirini na tisa Oktoba. Hukumu yangu ilitoka tarehe ishirini na nne Septemba. Miaka minne. Wewe ulikuwa umekwisha kuandika, karatasi ziko kwenye gari la Suhaib, Suhaib yuko kwenye foleni.

Nikupe na usilolijua. Tarehe ishirini na saba Agosti mkalimani aliusoma ule ujumbe mahakamani. Hakimu akauliza, "Huyu anayekuita kaka ni nani?" Wakili wangu aliniinamia akaninong'oneza, mtaje, hapa ndipo pa kukusaidia. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, kwetu Dar es Salaam kila mtu ni kaka. Ofisini wanapokezana zamu, sijui siku ile ilikuwa zamu ya nani." Hakimu akaandika. Mimi na wewe tumechangia mama tu, majina ya baba zetu ni tofauti, kwa hiyo hakuna aliyeliunganisha jina langu na ile sahihi.

Usije ukadhani nimekusamehe. Mama alizaa watoto wawili. Mmoja yuko ndani, nikasema basi mwingine abaki nje. Nilifikiria hivyo tu pale, hapakuwa na kingine.

Jumanne iliyopita alikuja kunitembelea mjane wa Mwalimu Mutale. Yule askari wa Nakonde alitutafsiria. Aliyeanza ni yeye. Akauliza, "Ni kweli ulikuwa kwa mwanamke?" Nikamwambia hapakuwa na mwanamke, palikuwa na foleni, na nilikuwa sijalala. Akasema bora iwe hivyo, kwamba alikuwa anashindwa kula akifikiria mumewe amekufa kwa ajili ya starehe ya mtu. Halafu akauliza, "Aliyekuandikia usisimame ni nani?" Nikasema simjui.

Aliniamini, Filomena. Alinishukuru kwa kumwambia ukweli.

Nakurudishia karatasi zako zote kumi na nne. Wakili anasema bado inawezekana kuomba rufaa ingawa muda umepita, na kwamba kwa ushahidi huu kifungo kinaweza kupungua. Lakini kila ukurasa chini umeandikwa mratibu F. Chilumba. Nikizipeleka mimi nimekutaja, na nilishasema mbele ya hakimu sikujui. Sitalisema mara ya pili kinyume chake. Ukitaka zisomwe, zilete mwenyewe.

Na kama hutaki, zichome, usiniambie.

Romani


Mpika, nje ya geti
11 Desemba 2024

Kaka Romani,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Nilipomwambia nakuja huku, na kwa nini, alikaa kitandani akauficha mkono wake ndani ya kitenge asinipe, akasema, "Nenda." Hakusema rudi salama. Anna amekutumia sweta na sabuni, nimempa askari. Wilfred ameandika barua yake, iko mfukoni mwa sweta.

Hii haikuja na lori. Nimeiandikia hapa kwenye benchi la wageni, wewe uko ng'ambo ya ukuta. Askari anasema umeambiwa nimekuja na umekataa kutoka.

Nimekuja kwa basi. Nimepita Kitonga mchana. Lori moja lilikuwa mbele yetu, nikaweka saa yangu nihesabu. Nilichoka kuhesabu kabla halijamaliza kilima. Tunduma niliona madereva wamelala vichwa juu ya usukani, injini zinanguruma, na gari la mbele likisogea wanaamka wote kama wamechomwa sindano. Sikuwa na pa kutazama.

Kazi nimeacha. Nilimwandikia Elibariki kwamba mia saba ilikuwa yangu na haiwezekani, na nikamuomba aiondoe. Aliyekaa kwenye kiti changu sasa ameweka mia saba na hamsini.

Jana asubuhi nimempa wakili wako karatasi zote. Nimetoa maelezo, nimeandika jina langu kamili, nimeandika kwamba wewe ni kaka yangu na kwamba ile barua ya mahakamani niliisaini nikijua ina uongo. Wakili anasema huenda nikaitwa kujibu, huku au kwetu, hana hakika. Anasema pia hakimu anaweza kukuuliza kwa nini ulisema hunijui. Nisamehe kwa hilo, sikuona njia nyingine ya kupita.

Jana jioni nilikwenda kwa mjane wa Mwalimu Mutale. Askari wako wa Nakonde alikuwa mapumzikoni, akanisindikiza na kututafsiria. Nyumba yao iko nyuma ya shule. Alinipa kiti. Nikamwambia aliyeandika ule ujumbe ni mie, na Romani ni kaka yangu, na hilo alimficha kwa ajili yangu. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliniuliza, "Wakati unaandika ulikuwa wapi?" Nikasema ofisini, nimekaa. Akauliza kama kulikuwa na feni. Nikasema ndiyo, lilikuwepo. Akauliza kama nilikula mchana ule. Nikasema nilikula.

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka askari akanigusa bega.

Sikuja kuomba unisamehe. Nilitaka uyasikie haya kwangu kabla hujaitwa mahakamani. Kuna basi la kesho alfajiri. Leo nitakuwa kwenye benchi hili mpaka muda wa wageni uishe.

Filomena


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli)

Filo,

Nimesoma. Leo sitoki. Nimekuona kupitia dirisha la jikoni, umekonda. Usimwambie mama kwamba umekonda, ataona mwenyewe.

Basi la alfajiri linaunganisha mpaka Dar na dereva mmoja. Ukifika Mbeya shuka, lala, uendelee kesho yake.

R.